Vidonge 80

Mdogo wangu anatunza hesabu za duka la vipuri vya magari huko Muscat, na hesabu ndiyo iliyonikamata. Alinipigia jioni moja, siku ya tatu baada ya baba kutoka wodini. Akauliza hali ya mzee, akauliza watoto, kisha akaniambia nishike kalamu.

"Dada, nilituma pakiti sita. Kila pakiti ina vidonge 50, jumla 300. Baba anakunywa viwili kwa siku, na amekunywa siku 75. Hapo ni 150. Vimebaki vingapi?"

Nilikuwa nimeshavihesabu. Nilivihesabu mara mbili, mlango wa stoo nimeufunga kwa ndani.

"Sabini," nikasema.

Simu ikawa kimya hadi nikadhani mtandao umekata.

"Sasa themanini viko wapi, dada?"

Nilimweleza habari za sabini. Kumi nikavisingizia mvua: nikasema stoo ilivuja, vikaloana, nikavitupa. Hakuniamini, lakini nilikuwa nalia, na mtu anayelia haulizwi sana. Hivyo vidonge kumi sijamwambia mtu mpaka leo. Nitavifikia. Nianze na sabini.

Mimi ni muuguzi msaidizi. Nilifanya kazi miaka kumi na moja, mingi katika kliniki ya kifua kikuu, kabla ya kufungua duka la dawa muhimu hapa Masumbwe. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale tuliyoyaita ya dawa baridi. Mtoa dawa hupewa mafunzo, cheti cha kutundika ukutani, na orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Selejilini haimo kwenye orodha hiyo. Ilikuwa dawa ya baba, nikaiweka stoo ya duka kwa sababu nyumbani kuna joto la bati na watoto watundu. Ndivyo nilivyojiambia.

Baba alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu. Waliokuwa Masumbwe kabla ya 2012, tulipokuwa bado tunahesabiwa Shinyanga na Mkoa wa Geita haujazaliwa, wanaikumbuka mizani yake. Ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kitambaa chekundu. Mchimbaji akifungua karatasi yake, baba aliimimina ile dhahabu kwenye kisahani, kisha kwa ukucha wa kidole cha mwisho akasukuma chembe moja moja mpaka sindano itulie katikati. Pointi moja ikizidi, anasema imezidi. Ikipungua, anasema imepungua. Vijana wa duarani, wanaapolo wasiomwamini mtu yeyote, walimwamini. Nikiwa mdogo nilikatazwa hata kupumua karibu na meza ile.

Mkono wa kulia ulianza kumtetemeka akiwa ameketi tu, umelala pajani. Kidole gumba kikawa kinasugua cha shahada, kama mtu anayehesabu noti. Watu wakasema anahesabu fedha za majini. Wengine wakasema zebaki, na hao hawakuwa wajinga, maana baba alichoma zebaki miaka mingi kwenye kikaango, uani, moshi wake tukiuvuta wote, na zebaki kweli huharibu mishipa ya fahamu na kutetemesha mikono. Tulikwenda kwa waganga wawili. Wa pili alitaka mbuzi mweusi, akapewa.

Daktari wa Dar es Salaam ndiye aliyemtazama kwa makini. Akamwambia, "Mzee, chukua hicho kikombe." Mkono ulipokiendea kikombe, ukatulia. Ulipokirudisha na kulala, ukaanza tena. Akamtembeza koridoni: mkono mmoja haukuyumba, miguu ikawa inaburuza. Akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti waliopita nyumba kwa nyumba Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kati ya wakazi zaidi ya 160,000, waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nikamkumbuka yule mbuzi.

Dawa aliyoandikiwa ilikuwa selejilini, 5 mg asubuhi na 5 mg mchana. Jioni hapana, kwa sababu mwilini huvunjika na kutoa vitu vya ukoo wa amfetamini, na mgonjwa hukesha akitazama dari. Mdogo wangu akasema ununuzi aachiwe yeye. Akazinunua huko Muscat, zikaja na msafiri, pakiti sita kwa mpigo.

Naomba nieleze inavyofanya kazi, maana kosa langu limelala humo. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ndiyo inayoulainisha mwendo wa mtu. Kwa mgonjwa wa Parkinson, seli zinazoitengeneza zinakufa polepole, na hicho kidogo kinachobaki huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi. Kimeng'enya hiki kina aina mbili, A na B, tofauti iliyoanza kubainishwa 1968. B ndicho kilichotawala kwenye ubongo. A kimejaa kwenye utumbo, kinashika zamu ya kuvunja tiramini, kitu kinachopatikana kwenye vyakula vilivyochachuka au kukaa muda mrefu. Tiramini ikipenya kwenye damu bila kuvunjwa, hufumua noradrenalini kutoka kwenye maghala yake, na presha inaruka kama ndama aliyekatika kamba. Selejilini, iliyovumbuliwa Budapest katika miaka ya 1960 na Joseph Knoll na wenzake, inakifunga B na kukiacha A lindoni. Ndiyo maana wanasema ni dawa inayochagua. Ndiyo maana baba aliendelea na chakula chake cha kawaida.

Karatasi ya maelezo ilisema haya yote. Ilisema pia kwamba dozi ni 10 mg kwa siku, na kwamba zaidi ya hapo dawa inaanza kusahau kuchagua. Niliisoma mara mbili. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua.

Wiki ya nne baba alinyoa ndevu mwenyewe. Hakujikata. Alitoka nje akiwa na povu la sabuni nyuma ya sikio, akasema, "Mayu, angalia." Huniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Siku ile aliitoa mizani kwenye kisanduku na kuifuta vumbi. Hakupima kitu, aliifuta tu. Mimi nilikuwa jikoni nikimchungulia dirishani.

Basi wiki mbili baadaye mkono ukawa umerudia. Si sana, ila kisahani kiligonga meza. Akaniuliza kama ile dawa haina kubwa yake. Nikasema nitaangalia. Nilipaswa kumpigia daktari. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, na siku ileile niliitumia simu hiyohiyo kuagiza katoni za glovu. Lakini nilishajua jibu ninalolitaka: viwili vimemnyoosha hivi, vinne vitamrudisha mezani. Kuanzia siku ya 41 nikampa viwili asubuhi na viwili mchana. Ni 20 mg. Sikumwambia. Nilivitoa kwenye karatasi yake na kumpa kiganjani pamoja na cha vitamini, akavibugia bila kuvitazama. Alikuwa mtu wa kuhesabu chembe, lakini kwangu hakuhesabu.

Na alipata nafuu, nisidanganye. Au niliona nafuu. Alikuwa mchangamfu, analala saa nne tu, anasimulia habari za rasha za dhahabu za zamani hadi usiku wa manane. Mara moja aliniambia kuna mtoto amesimama pembeni ya mtungi. Hapakuwa na mtoto. Nikasema ni uzee.

Jumamosi ya siku ya 75 tulikuwa na harusi ya binti wa shangazi, kijijini, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Baba aliamka na mafua. Nikampa vidonge viwili vya mafua kutoka rafu ya mbele, vile vya kuzibua pua. Vina finilefrini, ambayo nayo hubana mishipa ya damu, na ambayo nayo huvunjwa na kimeng'enya kilekile. Hili nalo lilikuwa kwenye karatasi.

Harusini alikaa na wazee wenzake. Palikuwa na samaki wakavu wa nazi na karanga, sijui nani alianzisha mchanganyiko huo lakini ni mtamu, maziwa ya mgando ya kibuyu yaliyokaa siku zake, na pombe ya mtama ya kopo, nzito, yenye chachu yake yote ndani. Alikula kama mtu wa miaka 40. Nilipita nikamwona, nikafurahi.

Haikupita saa mbili shangazi akaja kuniita. Baba alikuwa ameinama, ameshika kisogo kwa mikono yote miwili, shati limelowa jasho kana kwamba kamwagiwa ndoo, uso umemparara.

"Mayu, kichwa kinagonga kwa nyuma."

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia wiki kadhaa kabla, karibu hivyohivyo. Nitarudi huko.

Kipimo cha presha kilikuwa kwenye mkoba wangu. 220 kwa 120. Nikapima mkono wa pili nikitumaini kimeharibika. Hakikuharibika.

Kituo cha afya tulichofikia sitakitaja, na sina lawama nacho. Daktari alikuwa kijana, amevaa kandambili za wodini. Aliuliza swali lililostahili kuulizwa, kwa wakati wake: "Mama, mzee anatumia dawa gani?"

Nikasema, "Hakuna, daktari. Parasetamo tu."

Nimeliandika jibu hilo mara nyingi kwenye daftari ili nilizoee. Kwa nini nilisema vile? Nyuma yangu walisimama shangazi, bwana harusi, na nusu ya ukoo. Wote walijua mimi ndiye mtu wa dawa. Kwenye mkoba wangu mlikuwa na kitambulisho cha duka. Kusema "selejilini" kungeleta swali la pili, "kiasi gani?", na hilo ndilo nililolikimbia. Nilidhani wataishusha presha tu, basi, na dozi nitaipunguza kimyakimya kesho yake.

Wakamlaza, wakaanza kuishusha presha. Lakini kichwa kilimuuma hadi akawa analia, na baba sijawahi kumwona akilia, hata mama alipofariki. Daktari akaandika sindano ya maumivu. Nesi akaja na trei. Nikakisoma kile kichupa nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda: tramado.

Kwenye karatasi ya selejilini, chini kabisa, upande ambao wengi hawaugeuzi, kuna dawa zilizoandikwa kwa wino mzito kwamba zisikutane nayo hata siku moja. Pethidini. Tramado. Zikikutana, kemikali nyingine ya ubongo, serotonini, inaweza kufurika mpaka mgonjwa akakakamaa, akachemka homa na kupoteza fahamu. Baadaye nilisoma habari za Libby Zion, msichana wa miaka 18 aliyefariki New York mwezi Machi 1984 baada ya kupewa pethidini ilhali anatumia dawa ya ukoo wa selejilini. Kifo chake ndicho kilichofanya jimbo lile liwawekee kikomo cha saa za kazi madaktari walio mafunzoni. Yule hata dozi hakuzidishiwa.

Nesi alishafunga mpira mkononi. Nikasema, "Subiri." Sauti haikutoka. Nikamshika mkono. Akanitazama kama mwendawazimu.

"Anatumia selejilini. Miligramu 20. Nampa mimi."

Daktari hakunigombeza. Aliweka sindano kwenye trei, akaniomba nirudie tahajia, akaitafuta kwenye simu, akasoma huku midomo ikicheza. Kisha akaniuliza alichokula, na vya mafua, na vyote akaviandika. Nilipotaka kujua ni kipi hasa kilichofanya hivi, samaki, pombe au kidonge cha mafua, alisema, "Mama, hapa siwezi kukutenganishia. Umefungua milango yote." Shangazi alikuwa ameketi karibu. Akainuka, akaenda kukaa benchi la mbali.

Alfajiri presha ilikuwa 150. Hakupooza. Mdomo haukupinda. Aliomba uji.

Dawa ikasimamishwa, nikadhani ndiyo mwisho wa hatari. Sivyo. Kimeng'enya kilichofungwa na selejilini hakifunguki tena. Mwili unalazimika kutengeneza kipya, na huo ni mwendo wa wiki, si wa siku. Nikaambiwa siku 14 za tahadhari: hakuna dawa ya mafua, hakuna sindano ya maumivu bila kuuliza, hakuna kilichochacha. Nilichora mistari kwenye kalenda ya duka. Kila siku nilimpikia ugali na mchicha uliochumwa asubuhi hiyo, nyama ya siku hiyohiyo. Akalalamika kwamba anakula kama mgeni wa kizungu.

Usiku wa siku zile nilikuwa nasoma. Nilikuta kwamba ukoo mzima wa dawa hizi ulitokana na isoniazidi, kidonge nilichokigawa kwa mikono yangu miaka yote ile ya kliniki ya kifua kikuu, kwa vijana wenye vumbi la mawe kifuani. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya kifua kikuu ya Staten Island, Marekani, ndugu yake aitwaye iproniazidi aliwachangamsha wagonjwa mahututi hadi wakacheza wodini, ndipo wakagundua dawa inagusa ubongo. Na nilikuta habari ya mfamasia wa Nottingham, Uingereza, aliyeandika barua kwa madaktari mapema miaka ya 1960. Mkewe alikuwa anatumia dawa ya ukoo huu, na kila akila jibini kichwa kilimpasuka. Walimcheka. Daktari kijana wa London, Barry Blackwell, naye alicheka mwanzoni, kisha akaifuatilia, na 1963 akaichapisha. Jibini na tiramini yake vikajulikana dunia nzima. Nilimfikiria sana yule mfamasia. Dawa ilikuwa nyumbani kwake kama ilivyokuwa kwangu. Yeye aliandika barua.

Siku ya 15 nilimwambia baba. Nilipiga magoti kama tunavyosalimia, nikamwambia nilikuwa nikimpa vinne. Alikaa kimya muda mrefu, kidole gumba kikisugua cha shahada.

"Tangu lini?"

Nikamtajia siku.

"Na ulivitoa wapi hivyo vya kuzidisha?"

"Kwenye pakiti zako, baba."

"Basi nilikuwa nakula akiba yangu bila kuambiwa," akasema. Hakuniita mayu. Sasa anatumia levodopa aliyoandikiwa Mwanza, na karatasi ya vidonge anaishika mwenyewe. Kila asubuhi anavitoa kwa ule ukucha wa kidole cha mwisho, anavipanga mezani, anavihesabu kwa sauti, halafu ndipo anaomba maji. Mara mbili kidonge kimeanguka mkono ukitetemeka. Siruhusiwi kukiokota.

Hivyo ndivyo vilivyokwenda sabini.

Kumi nilimuuzia kijana mmoja wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuja usiku nikifunga, kope zake nyeupe kwa vumbi, akataka kitu cha kukesha; walikuwa na zamu za usiku na mwenye karasha anakata posho ya anayesinzia. Nilimwambia sina. Kisha nikakumbuka baba anavyokesha, nikakumbuka pakiti zilizojaa stoo. Nikamkatia kipande cha vidonge kumi, 1,000 kila kimoja. Nikamwambia kimoja tu kwa siku. Jina lake sikuliuliza, wala anakula nini, anakunywa nini, wala kama yuko kwenye dawa za kifua. Nilitibu kifua kikuu miaka mingi, na sikumtazama hata anavyopumua.

Alirudi baada ya siku tano au sita. Vimekwisha, akasema, anataka vingine. Siku tano, vidonge kumi. Nikasema na mimi vimeniishia. Akashika kaunta, akashika na kisogo. Akasema kichwa kinamgonga kwa nyuma tangu jana, tangu walipotoka kunywa.

Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya harusi.

Nikamuuzia parasetamo. Alitoa noti ya 2,000, nikamrudishia chenji, naye akaondoka kuelekea makarasha.